Firigisi ya Mzee Albano

Hapana bwana, haikuwa kafara. Nani kakwambia kafara? Hayo wameyaongezea watu wa Keko wenyewe. Pale ukipiga chafya asubuhi, ikifika jioni mtaa wa pili washakuzika. Kaa hapo, sogeza kigoda kivulini, usikie ilivyokuwa. Lilikuwa jambo la paka. Paka na firigisi, basi.

Mzee Albano unamjua, yule fundi makochi wa pale Keko barabarani, wanapopanga vitanda na makabati mpaka mwenda kwa miguu anapita ubavu ubavu kama kaa. Mmakonde wa Newala. Alikuja mjini kijana, ana patasi yake, anachonga sanamu, sanamu hazikumlisha, akahamia kwenye makochi. Lakini mkono haujasahau. Mpaka leo miguu ya makochi yake anaichonga mwenyewe, ukiitazama unaona kama kochi litanyanyuka liende zake.

Na ana paka. Mweusi tii, kama gogo la mpingo lililopigwa msasa, ndio akamwita Mpingo. Kazi yake Mpingo pale kibandani ilikuwa panya. Panya na sponji ni kama mtu na mkewe, ukiliacha kochi tumbo wazi, wanahamia na watoto.

Sasa huyo paka akaanza kupukutika manyoya. Anajikuna, anajikuna, mgongo ukawa kama zulia la mlangoni. Alikuwa anakulaga kama paka wote wa Keko, ugali wa jana na mchuzi wa dagaa. Albano akampaka mafuta ya nazi, wapi. Akampaka mafuta ya taa kidogo, paka akamkimbia, akarudi na kinyongo.

Ndipo Editha akaja kumsalimia baba yake, Jumapili moja. Huyu Editha binti yake anafanya kazi za ndani huko Mbezi, kwa mama mmoja ana paka wanne wanalala kwenye mito kama maharusi. Akamtazama Mpingo, akatikisa kichwa.

"Shikamoo baba. Huyu unampa nini?"

"Marahaba. Nampa chakula."

"Ugali?"

"Sasa nimpe chapati?"

"Mpe nyama mbichi, baba. Wale wa kwa bosi wangu wanakula mbichi tupu, uwaone wanavyong'aa."

Albano akacheka. "Mbichi! Kwani mie nafuga fisi?"

"Babu yake huyu alikuwa anakula panya. Sasa panya nani alikuwa anampikia?"

Hapo Albano akakubali. Editha akamfundisha. Moyo wa kuku, shingo, firigisi, vipande vya nyama. Ini kidogo tu, likizidi linamharibu tumbo. Shingo iwe mbichi na mfupa wake, mfupa ukishapikwa unakatika kama sindano, unamchoma. Asubuhi kidogo, jioni kidogo, na sahani ioshwe kwa sabuni. "Na nyama isilale nje, baba. Akibakiza, tupa. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia yote, isipokuwa hilo la kidogo. Albano ana roho moja mbaya sana kwa mtu anayefuga: akitazamwa na mwenye njaa hawezi. Na paka, wewe unajua, hata akitoka kula sasa hivi ana macho ya yatima. Basi Albano akawa anakwenda sokoni Tandika kwa wachinja kuku, anarudi na mfuko wa shingo na mioyo. Asubuhi anampa. Saa nne, mafundi wakinywa chai, anampa. Paka akija kukaa mbele yake akakunja mkia, anampa. Wale vijana wa kazi wakawa wanamtania, "Mzee, na sie tukikutazama hivyo hivyo?"

Lakini manyoya yalirudi! Yakarudi mazito, yanateleza, mpaka wateja wanauliza huyo paka ni wa kununua.

Mambo yakanoga mpaka siku Yuliana alipochinja kuku.

Wewe na mie tunajua firigisi ni ya nani. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto haigusi, mgeni haiulizii. Yuliana, tangu aolewe na Albano, firigisi anaiweka juu ya sahani ya mumewe, inamwangalia. Sasa siku hiyo kashika kisu, anaisafisha, Albano kaja kuegemea mlango wa jiko.

"Mama Editha, hiyo usiipike. Mpe Mpingo."

Yuliana akageuka taratibu, kisu mkononi. "Unasemaje?"

"Firigisi. Mbichi ndio dawa yake."

"Nimekukosea nini, baba Editha?"

"Hujanikosea kitu! Meno yenyewe haya, mie siku hizi inanishinda."

"Kama inakushinda ungeniambia ningeichemsha ikalainika. Sio umpe paka." Akaiweka kwenye kisahani, lakini kwa namna ya kuipiga. "Haya. Ila hii habari iishie hapa hapa jikoni. Mwanamke mwenzangu yeyote asisikie kwamba kwa Albano firigisi anakula paka. Watasema mie si mke tena, nimekuwa mpishi wa paka."

Albano akaapa, na ikawa siri ya nyumba.

Sasa twende kwa Hashil. Hashil ndiye mwenye lile duka la kona, Mwarabu wa watu, kazaliwa Keko, baba yake kauza mchele palepale. Yeye na Albano ni marafiki tangu wote wana nywele. Kila siku kazi ikiisha wanacheza drafti kwenye benchi la nje ya duka, kete zao vizibo vya soda, na matusi yao ya kupendana mtaa mzima unayajua. "Kula, we Mmakonde, kula, unaogopa nini?" "Ngoja kwanza, we Mwarabu, una haraka ya kwenda wapi, meli ilishawaacha!" Albano akikosa kwenda, Hashil hafungi duka kwa amani.

Basi binti yake Hashil, Hamdiya, akapata mchumba, na watu wa Magomeni wakasema watakuja kuleta posa. Hashil akamfuata Albano kibandani. "Braza, sitaki wageni wakalie viti vya mwaka ule. Nitengenezee makochi. Rangi ya damu ya mzee, Hamdiya kachagua. Posa ya mtoto hiyo, usiniangushe."

"Nikuangushe wewe? Huyo si mwanangu?"

Na kweli alimfanyia kazi. Miguu kachonga maua ya mkarafuu. Uzi wa kushonea mipindo rangi ileile ya damu ya mzee. Kochi la watu watatu lilikaa siku nzima limepinduliwa miguu juu, tumbo wazi, likisubiri kitambaa cheusi cha chini. Albano akachelewa kulifunga kwa sababu ya kurudia mguu mmoja. Kisha akalifunga, akapiga pini, vijana wakapakia kwenye mkokoteni, yakaenda.

Siku ya posa ilikuwa Jumapili, wageni waje baada ya alasiri. Albano katoka kanisani moja kwa moja, kavaa suti yake ya rangi ya maziwa, Yuliana kavaa kitenge kipya, Editha naye kapewa ruhusa kaja kusaidia kupakua. Wanaingia kwa Hashil, moshi wa udi umejaa nyumba nzima, macho yanawasha.

"Leo mmefukiza mpaka paa," Albano akasema.

Hashil akamshika mkono wa koti, akamvuta pembeni. Kanzu nyeupe, jasho linamtoka. "Albano. Kochi lako linanuka."

"Kochi langu?"

"Kaa."

Albano akakaa. Akanyanyuka.

"Dada yangu Khulud kasafisha nyumba nzima akidhani panya kafa kabatini. Amehamisha makabati. Leo ndio tumegundua. Na watu wanatoka Magomeni saa hii hii!"

Bi Khulud mwenyewe kasimama pale, kaziba pua kwa mtandio. Huyu dada mtu ndiye aliyelea nyumba hiyo tangu mama Hamdiya afariki, na akisema kitu kimesemwa. "Fungua, fundi," akasema. "Tuone umetushonea nini."

Wakalipindua. Albano akapiga goti na suti yake, akang'oa pini, akachana kitambaa cheusi. Ikadondoka shingo ya kuku. Ikafuata nyingine. Halafu kwenye mikanda inayobeba sponji, katikati kabisa ya kochi, ikaanguka firigisi, imekauka nje na kuoza ndani, imezungushiwa uzi wa damu ya mzee. Umezunguka, umezunguka, umekazwa, kama mtu kakaa chini akakusudia.

Jikoni mwiko uliacha kugonga.

"Auzubillahi!" Bi Khulud akaruka nyuma. "Asiguse mtu! Hamdiya, rudi ndani, usiikanyage hiyo! Hashil, umeona? Kuna mtu hataki mtoto aolewe! Kuku mbichi, kafungwa uzi, kawekwa pale pale watakapokaa wenye posa!" Akamgeukia Albano, na hapo ulimi ukateleza. "Na watu wa kusini nyie, mambo haya hamyashindwi."

Albano hakujali maneno ya Bi Khulud, kwa kweli. Aliyemtazama ni Hashil. Alikuwa anamngojea acheke. Amwambie dadake, "We Khulud, umerukwa na akili, huyu Albano huyu?" Hashil hakucheka. Alikuwa anatazama ule uzi, na ule mkono uliomvuta Albano kwa koti alikuwa ameurudisha nyuma.

Kochi linashonwa upya. Mtu uliyezoea kumtukana kwa mapenzi, akishaanza kukusalimia kwa adabu, humpati tena.

"Ni paka wangu," akasema.

"Nani?"

"Paka. Mpingo. Nampa nyama, nyingine anaificha. Kochi lilikaa wazi... uzi anauchezea, akauzungushia. Ni paka, Hashil."

"Paka," Bi Khulud akasema, "anafunga firigisi uzi."

"Anaibiringisha na kidonge cha uzi, inajizungusha yenyewe!"

"Na hiyo firigisi kaipata wapi?"

"Nampa mie."

Wanawake waliokuwa wamejazana mlango wa jiko wakaguna kwa pamoja. Mmoja akacheka kabisa, si kwa furaha. Firigisi? Mwanaume mzima, mwenye mke wake, ampe paka firigisi? Mbichi? Angesema utumbo wangemwamini. Angesema shingo tu wangemwamini.

Hashil akafumba macho. "Albano, sema jingine. Hilo hata mie nashindwa kukusaidia."

Na Albano, Mungu amsaidie, akafunga mdomo. Wa hiyo firigisi alikuwa na shahidi mmoja tu, na alishaapa hatamtaja.

Yuliana alikuwa kule mlangoni, katikati ya wanawake wote anaokutana nao bombani, wa jumuiya na wa kikoba, kila mmoja ana mdomo unaofika Ubungo kabla ya basi. Akamtazama mumewe pale chini, goti la suti limechafuka, kanyamaza kwa ajili yake. Akapita katikati yao, akasimama sebuleni, mikono kiunoni.

"Ni kweli," akasema. "Kwangu firigisi anakula paka."

"Yuliana!" mmoja akasema.

"Anakula paka! Mbichi! Nikichinja kuku, baba Editha anakula paja, firigisi nampelekea paka kwenye kisahani cha maua. Haya, kasemeni. Tangazeni bombani. Mume wangu mjinga wa wanyama, lakini hajawahi kumtakia mtoto wa mtu baya, na huyu Hamdiya kambeba mgongoni." Akamgeukia Hashil, na sauti ikashuka. "Wewe shemeji, wa kuambiwa haya ni wewe?"

Hashil akafungua mdomo, simu yake ikaita. Wageni washafika Chang'ombe.

"Aletwe huyo paka," Bi Khulud akasema. "Tumwone huyo fundi cherehani."

Albano hakungoja. Mzee yule alikimbia. Suti ya maziwa, viatu vya kanisani, anakatisha kati ya makabati na vitanda vya watu, watoto wanashangilia nyuma. Akamkuta Mpingo kalala juu ya sponji, tumbo limejaa. Akamkwapua kwapani, mkono wa pili mfuko wa nyama ya asubuhi, firigisi ya kuku wa Yuliana imo.

Sasa bahati ilivyo na dharau. Anafika mlangoni kwa Hashil, na gari za Magomeni zinafika. Wakashuka wazee na kanzu zao, na mbele yao shangazi wa bwana harusi, Bi Raudha, mama mnene, mchangamfu, ana miwani ya dhahabu. Wanakuta nini? Mzee anahema, suti ina matope, kakumbatia paka mweusi. Ndani kochi limepinduliwa miguu juu kama mbuzi wa kuchunwa. Udi na uvundo vinapigana sebuleni.

"Assalaam aleikum," Bi Raudha akasema. "Tumekosea nyumba?"

Hashil akaitikia salamu, macho kwenye kochi. Bi Khulud akajaribu kusimama mbele ya kochi, ila na yeye si pazia. Alipomwona Mpingo alivyo mweusi, akapiga ukelele mdogo, "Ya Allah, na rangi yenyewe!"

"Mtanisamehe wageni," Albano akasema. "Mniache dakika moja, halafu mkitaka mnifukuze."

Akamweka paka chini. Akatoa firigisi mbichi mfukoni, akaiweka sakafuni. Watu wote, wenye posa na wasio na posa, wakainama kutazama.

Mpingo akainusa. Akailamba. Akatazama watu mmoja mmoja, kama anayeuliza mnataka nini. Ameshiba, yule. Akakaa, akaanza kulamba kwapa.

"Haya," Bi Khulud akasema.

Albano jasho linamdondoka. "Mpingo, baba. Mpingo, usinifanyie hivi."

Ndipo paka akanyanyuka. Akaichukua firigisi mdomoni, akatembea polepole, mkia juu, katikati ya kanzu na mabuibui, watu wakimpisha. Akaruka juu ya kochi lililopinduliwa. Akaingiza kichwa kwenye mikanda, akaisukuma firigisi ndani ya sponji, akaanza kuparuza kwa mguu, parr, parr, anaifukia. Akamaliza. Akaona uzi wa damu ya mzee unaning'inia pale kochi lilipochanwa, akaudaka kwa makucha yote mawili, akaangukia nao ndani, na kochi zima likaanza kutikisika.

Bi Raudha ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kifuani, akashika ukuta, miwani ikamshuka puani. "Ngojeni, ngojeni! Mlidhani... hiyo ndiyo harufu? Na nyie mlidhani..." Hakumaliza. "Jamani! Mie paka wangu aliwahi kuficha kamba mbichi wa baharini kwenye kiatu cha marehemu mume wangu, Ijumaa kaenda nacho msikitini! Watu safu nzima wamehama, anarudi ananiuliza, Raudha, watu leo wana nini na mie?"

Nyumba ikalipuka. Wazee wa Magomeni wanajifuta machozi na vilemba. Hamdiya, ambaye mila ilimtaka atulie ndani, alisikika akicheka nyuma ya pazia mpaka anakohoa. Editha peke yake ndiye alimtazama baba yake mikono kifuani. "Baba. Si nilisema akibakiza utupe?"

"Ulisema."

"Na nilisema kidogo."

"Hilo sikulisikia vizuri."

Bi Khulud akaja mbele ya Albano, mtandio sasa kaushusha. "Mzee Albano, ulimi wangu ule. Unisamehe."

"Yameisha, Bi Khulud. Ila kochi mniachie, nalifumua lote, nalishona upya."

"Na huyo?"

"Huyo nitamfungia nje."

"Humfungii," Yuliana akasema. "Tunakujua."

Makochi yote yakatolewa uani yapigwe upepo, Mpingo bado yumo kwenye moja hatoki. Sebuleni likatandikwa jamvi, na posa ikasemwa watu wamekaa chini, magoti yanagusana, wazee wa Magomeni wakieleza shida yao bado wanachekacheka. Hashil akaitikia. Vigelegele vikapigwa ndani.

Wakati maji ya kunawa yanapitishwa, Hashil akasogea akakaa bega kwa bega na Albano.

"Braza. Pale nilitakiwa nicheke."

"Ulitakiwa."

"Sikucheka."

"Hukucheka." Albano akanawa, akakung'uta vidole. "Na mie nimekuletea kochi linanuka siku ya posa. Sare hiyo. Kesho panga kete."

"Kesho nakula zote."

"Utakula wewe? We Mwarabu hata mlo wa leo hujui kama utaumaliza."

Hapo Hashil ndio akacheka, na bega la Albano likalegea.

Masinia yakaja, pilau inafuka, kuku wa kienyeji kalazwa juu. Wanaume jamvi hili, wanawake jamvi la ndani, pazia limefungwa fundo katikati kwa sababu ya joto. Hashil akapekua pilau kwa vidole, akaipata. Firigisi. Yake kwa haki, nyumba yake, kuku wake. Akainyanyua watu wote waione, akaiweka mbele ya Albano.

"Kula wewe leo. Kabla paka hajarudi."

Albano akaitazama. Akaikata katikati kwa kidole gumba, ilikuwa imelainika vizuri. Nusu akaiweka kwenye kisahani, akamwita Editha. "Mpelekee mama yako."

Kisahani kikaenda. Kule ndani wanawake wakasita, maana jambo hilo halijawahi kuonekana. Kisha akasikika Yuliana, mdomo umejaa tayari: "Kumbe ndio tamu hivi, na mlikuwa mnatuficha!"

Wanawake wakashangilia, Bi Raudha akidai na yeye aonje. Wazee wakasema Bismillah, Albano akafanya ishara ya msalaba, na mikono yote ikaingia kwenye sinia.